Simu Isiyodai Ada: Mwongozo kwa Wakuu na Walezi wa Shule za Bweni

Mpigie mzazi simu saa nne asubuhi siku ya kazi, ujitambulishe kuwa wewe ndiye mkuu wa shule anayosoma mwanawe. Kwanza atanyamaza. Kisha atauliza moja kati ya mawili: "Mwalimu, amefanya nini tena?" au "Ni ile ada?" Wengine huanza kujitetea hata salamu haijaisha. Usiwalaumu. Kwa miaka yote waliyosomesha, simu ya shule haijawahi kuwaletea habari ya aina ya tatu.

Maelezo haya ni yako wewe unayeendesha shule ya bweni, au unayelala chumba cha pembeni mwa bweni ukiitwa patroni au matroni. Yanasimama juu ya dai moja: tabia ya mwanafunzi wa bweni hujengwa na habari zinazopita kati ya shule na nyumbani. Habari hizo zikiwa za deni na makosa tu, mtoto hujifunza upesi kuishi maisha mawili, ya huku na ya kule, na kila upande humwona malaika mpaka siku mambo yanapoharibika. Hapo mwalimu husema mtoto hakulelewa, mzazi husema shule imemharibu, na mtoto anawasikiliza wote wawili.

Basi anza na simu. Kuanzia wiki ya pili ya muhula, kila mlezi wa bweni awapigie wazazi wa watoto wake, wanne kwa siku, dakika tatu tatu. Bweni la watoto themanini litakwisha kabla ya mwezi. Sharti ni kwamba mlezi aseme jambo aliloliona kwa macho yake. "Anaendelea vizuri" haihesabiki. "Amechagua kitanda cha juu karibu na dirisha, anakula maharage ingawa mwanzoni alikuwa anayasukuma pembeni, na Jumamosi alikaa na mwenzake mgonjwa hadi muuguzi alipofika": hiyo ni habari. Mlezi akikuta mtoto ambaye hana la kumsema, asipige kwanza. Amegundua kwamba kuna mtoto bwenini ambaye hajatazamwa na mtu mzima yeyote tangu muhula uanze, na hilo lina uzito kuliko simu yenyewe.

Vocha za kazi hii ziingie kwenye bajeti ya shule. Usimwachie matroni atumie salio lake.

Katika shule za serikali jambo hili lina uzito wa pekee. Januari 2016 Tanzania ilipoondoa ada kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, wazazi walipumua, na ilistahili. Lakini ada, pamoja na kero zake, ilikuwa inamleta baba mlangoni pa ofisi angalau mara mbili kwa mwaka. Ilipoondoka, shule nyingi hazikuweka sababu nyingine mahali pake, na wazazi wengine wakaelewa kwamba mtoto sasa ni wa serikali.

Karatasi inayokosekana

Fomu ya maelekezo ya kujiunga inajua kila kitu kuhusu mali za mtoto. Inataka jembe na mpini wake, fagio la chelewa, reki, ndoo yenye mfuniko, shuka mbili, rimu ya karatasi, sare kwa rangi na mshono wake. Kuhusu mtoto mwenyewe inauliza jina, tarehe ya kuzaliwa na dini. Ipo pia fomu ya daktari, ambayo wakati mwingine hugongwa muhuri bila mtoto kupimwa chochote.

Ongeza karatasi moja ambayo mzazi ataijaza kwa mkono wake. Muulize mtoto anaitwaje nyumbani. Akikasirika hufanya nini: hunyamaza, hulia, hupiga, hutoroka? Nani hasa amemlea? Hili la mwisho lisikutoke, kwa sababu jina lililoandikwa mahali pa "mzazi" mara nyingi ni la yule anayelipa, na yule aliyemlea ni bibi wa Kishapu au shangazi wa Mbagala ambaye shule haina hata namba yake. Siku mtoto amevunjika moyo, atakayeweza kumrudisha ni bibi. Kwa hiyo chukua majina mawili: la anayelipa na la aliyemlea.

Uliza pia kama kuna msiba wa karibuni, kama wazazi wametengana na nani haruhusiwi kumchukua, kama ana pumu, seli mundu au kifafa, na kama bado anakojoa kitandani. Swali hili la mwisho wazazi huliogopa, hivyo liulize kwa mdomo, faraghani, matroni peke yake na mama au baba. Watoto wa aina hiyo wapo mabwenini wengi kuliko shule zinavyokiri. Ukijua mapema, unampa godoro lenye plastiki, mlezi anamwamsha saa sita usiku, na anaonyeshwa mahali pa kufulia ambapo hapiti mtu. Usipojua, wenzake watamgundua wiki ya kwanza, watampachika jina, na muhula mzima atajifunza somo moja tu la kujificha.

Mzazi asiyejua kuandika asomewe maswali na aandikiwe majibu palepale siku ya kupokea wanafunzi, kwa heshima ileile, mezani, akiwa amekaa kwenye kiti. Na karatasi hii isifungiwe kabatini kwa karani kabla haijasomwa. Aisome matroni, aisome mwalimu wa darasa, ndipo ifungiwe.

Kuhusu umri wa kumpokea mtoto bwenini sitasema mengi. Mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilisitisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na wamiliki wa shule walilalamika. Mimi naona uamuzi ule ulichelewa. Mtoto wa miaka saba hahitaji mlezi wa bweni, anahitaji mtu wa kumfunga vifungo vya shati.

Saa zisizo na kipindi

Tazama ratiba yako. Kengele ya kuamka saa kumi na moja alfajiri, usafi, uji, paredi, vipindi hadi mchana, chakula, kazi za mikono au michezo, chakula cha jioni, prepu, taa kuzimwa saa nne usiku. Ondoa vipindi vya darasani. Kinachobaki ni zaidi ya nusu ya saa ambazo mwanafunzi yuko macho, na katika saa hizo walimu wengi wako majumbani kwao.

Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo ni jema. Lakini mwanafunzi wa bweni hulipima somo hilo kwenye foleni ya bomba. Kama kidato cha nne wanaruka foleni kila asubuhi na mwalimu wa zamu anapita akitazama pembeni, basi somo la heshima limeshafundishwa, na jibu lake mtoto analijua. Vivyo hivyo bwaloni. Mwalimu wa zamu anayekula ugali uleule na maharage yaleyale, akiwa amepanga foleni na sahani yake mkononi, anafundisha bila kusema neno. Anayetengewa nyama jikoni naye anafundisha.

Siamini sana katika maneno makubwa yanayoandikwa kwa rangi ukutani. Uadilifu, Uzalendo, Uwajibikaji: mtoto akipita hapo mara elfu hayaoni tena. Chagua mambo matatu kwa muhula, madogo na yanayoonekana kwa macho. Kwa mfano: foleni hairukwi na yeyote, kilichookotwa kinarudishwa kwa matroni kabla ya prepu, mgonjwa hupelekewa chakula kwa zamu, wala si na rafiki yake peke yake kila siku. Yaandike mambo hayo matatu kwenye barua moja fupi na uwapelekee wazazi wote mwanzoni mwa muhula. Sasa mama akiongea na mwanawe ana la kumuuliza zaidi ya "Unasoma?" Atamuuliza, "Zamu yako ya mgonjwa ilikuwa lini?" Na mtoto atashangaa kwamba kule nyumbani wanajua.

Jambo jingine ni dakika ishirini kabla ya taa kuzimwa. Hapo ndipo mgeni hulia chini ya blanketi, hapo ndipo deni la sabuni hudaiwa kwa vitisho. Mlezi apite kati ya vitanda polepole, bila tochi ya kumulika usoni, aulize mambo ya kawaida. Matroni kwa wasichana, patroni kwa wavulana, na wapite wawili au milango ikiwa wazi. Hakuna mtu mzima wa kukaa na mtoto mmoja chumbani mlango umefungwa, awe mwalimu, mchungaji, shehe au mfadhili wa shule. Wazazi waielewe kanuni hii tangu siku ya kwanza ili waweze kuwauliza watoto wao kama inafuatwa. Wanafunzi nao wafundishwe namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto inayofanya kazi Tanzania na Kenya, na waruhusiwe kuipiga kwa simu ya shule pasipo kueleza sababu.

Kiranja na fimbo

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo bweni huharibikia.

Mlezi mmoja hawezi kuwaona watoto mia. Kwa hiyo shule huwapa viranja kazi, kisha mamlaka, kisha bila mtu kutamka, fimbo. Kiranja wa bweni anawapigisha magoti njuka, yaani wanafunzi wapya, saa tano usiku. Njuka wanafua nguo za wakubwa, wanachota maji ya watu watano, wanatoa sukari yao kama kodi. Mkuu wa shule anapoambiwa hili huwa anatabasamu: "Sisi pia tulipitia." Ndiyo, na wengine wetu hatujapona.

Historia ya jirani zetu inatosha kututoa kwenye mzaha. Mwaka 1999 katika shule ya Nyeri, Kenya, viranja wanne walichomwa moto usiku chumbani mwao na wanafunzi wenzao, wakafa. Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, wanafunzi waliwasha moto bwenini usiku na wavulana 67 wakateketea. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Kwetu, Agosti 2009, wasichana 12 walikufa bwenini Idodi, Iringa, na chanzo kilichotajwa ni mshumaa. Visa hivi havikuwa na chanzo kimoja, lakini vyote vinauliza swali moja: usiku, ndani ya bweni, nani anajua kinachoendelea? Kabla hujaendelea kusoma, tembea hadi bwenini kwako uangalie kama milango yote miwili inafunguka kwa ndani bila ufunguo, na kama angalau madirisha mawili hayana nondo au yana nondo zinazofunguka. Maadili hayana maana kwa mtoto aliyefungiwa.

Kisha mpunguzie kiranja madaraka na umwongezee kazi. Kiranja hatoi adhabu ya aina yoyote. Anaandika kwenye daftari, na daftari linasomwa na mlezi kila jioni akiwapo anayetuhumiwa. Kila njuka apewe kaka au dada wa kidato cha tatu, na huyo mkubwa ndiye atakayeulizwa njuka wake akikonda, akiugua au akikosa shuka. Utaona jambo la ajabu: wavulana wakorofi mara nyingi huifanya kazi hii vizuri kuliko wapole. Mpelekee mzazi wa njuka jina la huyo mkubwa, na mpelekee mzazi wa huyo mkubwa habari kwamba mwanawe amekabidhiwa mtoto wa mtu. Baba aliyezoea kuitwa shuleni kwa makosa akisikia hivyo, mazungumzo yake na mwanawe hubadilika.

Kuhusu viboko, kanuni za Tanzania zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, msichana achapwe na mwalimu wa kike anapokuwapo, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kenya imevipiga marufuku kabisa katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kitabu hicho cha adhabu shule ngapi zinacho? Maoni yangu ni kwamba hata pale sheria inaporuhusu, fimbo ya bweni humfundisha mtoto kutokamatwa. Kinachofundisha ni kulipa alichoharibu. Aliyeiba sabuni airudishe, aombe radhi mbele ya mlezi na mwenye sabuni, na wiki hiyo agawe sabuni za bweni zima akisimamiwa. Aliyevunja kioo akamsaidie fundi kuweka kingine. Inachosha kuliko viboko vinne, kwa mtoto na kwako pia.

Na ule mtindo wa "rudi nyumbani ulete mzazi" uuache. Mtoto anapanda basi peke yake, anakosa vipindi vya wiki, na mzazi anafika akiwa ameaibika na amechoka na safari. Mpigie mzazi kwanza. Mpangilie siku anayoweza. Akifika, aketi, apewe maji, na mtoto ndiye aanze kusimulia alichofanya kabla ya mwalimu yeyote kufungua mdomo. Usikubali hata mara moja mzazi amchape mwanawe ofisini mbele ya walimu ili kuonyesha kwamba naye ni mkali. Tumeliona hilo, na walimu wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Mtoto hutoka pale akiwa na maadui wapya wote wa ofisi ile, pamoja na baba yake.

Sanduku la maoni ni zuri likiwa na funguo mbili, moja ya shule na nyingine ya mjumbe wa bodi anayetokana na wazazi. Sanduku ambalo mkuu analifungua peke yake, wanafunzi huliacha tupu.

Jembe

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule iwe na shamba ambalo wanafunzi wanaona faida yake. Tulichobaki nacho katika shule nyingi ni jembe la adhabu. Umechelewa paredi, nenda kalime. Umepiga kelele prepu, kang'oe visiki. Baada ya miaka minne ya hivyo, kijana anaondoka akiamini kwamba kulima ni kazi ya wakosaji, na wazazi wake ni wakulima.

Tenganisha kabisa kazi na adhabu. Zamu ya shamba, choo na jiko iwe ya wote kwa orodha inayobandikwa, viranja wakiwamo, na mwalimu mmoja ashike jembe pamoja nao. Mavuno yapimwe na yatangazwe bwaloni: mchicha huu mnaokula ni wa bweni fulani. Hapa pia ndipo mzazi asiye na fedha anapopata nafasi yake. Mmoja ni fundi seremala, mwingine muuguzi, mwingine anafuga nyuki, bibi mmoja anasuka mikeka. Mwombe Jumamosi moja kwa mwaka, aje afanye kazi yake na wanafunzi kumi na watano. Kijana aliyezoea kumwonea haya baba yake fundi, akiona wenzake wamemzunguka wakijifunza kupiga randa, hahitaji mhadhara kuhusu heshima.

Jumapili ya kutembelewa

Siku hii tumeigeuza kuwa maonyesho ya vyakula. Magari yanaingia na ndoo za pilau, kuku wa kukaanga, chipsi, katoni za soda. Watoto wanakula hadi wanaugua. Wale ambao hawakutembelewa wanajificha maktaba au wanajilaza bwenini wakijifunika gubigubi. Jumatatu mtaona nani ana biskuti na nani anaombaomba, na deni la biskuti lina njia zake mbaya za kulipwa.

Pendekezo langu litawaudhi wazazi wenye uwezo, waudhike tu: chakula cha siku hiyo kipikwe na shule, kimoja kwa wote, wazazi wachangie mchele na nyama kabla. Wageni na wanafunzi wakae kwa mabweni, wasikae kila familia chini ya mti wake. Kisha mtoto amtembeze mzazi wake mwenyewe: kitanda, tranka, mahali anapofulia, tuta lake shambani, daftari la somo linalomshinda. Dakika ishirini zinatosha. Mzazi aliyefungua tranka la mwanawe anajua mengi kuliko aliyesoma ripoti.

Baada ya hapo meza mbili. Kwenye moja mwalimu wa darasa na alama zake. Kwenye nyingine mlezi wa bweni. Utakuta wazazi wamejazana kwenye meza ya alama. Wapeleke kwa zamu, meza ya mlezi kwanza.

Wasiotembelewa usiwakusanye pamoja na kuwapa zawadi, kwa sababu huko ni kuwaanika. Wapange mapema. Mzazi anayetoka Geita abebe salamu na barua za watoto wengine watatu wa Geita, akae nao kula, kisha akawapigie wazazi wao jioni. Na kwa kuwa mzazi wa Ngara mwenye mtoto Songea hawezi kufika kila mara hata akitaka, wewe mfuate. Mkuu au msaidizi wake akiwa safarini Mwanza wakati wa likizo, aazime darasa moja la shule ya jirani, awaite wazazi wa ukanda ule kwa saa mbili. Utashangaa ni wangapi watakuja wakiwa na daftari la maswali.

Kuhusu mikutano ya jumla ya wazazi sina mengi ya kusema, ila ifupishwe. Hotuba ya michango ikizidi nusu saa, waliokuja wameshakata tamaa ya kurudi.

Barua, na kundi la WhatsApp

Simu za mkononi haziruhusiwi kwa wanafunzi, na wengi wanaona hilo ni kikwazo cha mawasiliano. Mimi naliona kama nafasi. Mwisho wa kila mwezi, prepu moja iwe ya kuandika barua nyumbani. Barua ifungwe na mwanafunzi mwenyewe, mwalimu asiisome. Shule zinazosoma barua za wanafunzi hupata barua za uongo, na wazazi hutuliza moyo kwa uongo huo. Mzazi naye ahimizwe kujibu kwa maandishi. Mwana Kupona, mshairi wa visiwa vya Lamu, alipolemewa na maradhi mwaka 1858 alimtungia bintiye utenzi mzima wa kumwelekeza maisha. Mzazi wa leo hadaiwi vina wala mizani. Mistari kumi inatosha, na asiyeweza kuandika amtumie mdogo wa mtoto huyo. Barua ya mdogo huwa na habari nyingi kuliko ya baba. Kijana hutunza barua ile chini ya godoro hadi ichakae.

Kundi la WhatsApp lina kazi yake, lakini litungie kanuni siku ya kuliunda: ni matangazo tu, anaandika mkuu au msaidizi, jina la mtoto halitajwi, kosa halitajwi, alama hazitajwi, picha ya mtoto mgonjwa au anayelia haiwekwi. Bila hivyo, kufikia wiki ya tatu litajaa picha za maua za asubuhi njema, siasa, na mzazi mmoja anayegombana na mhasibu mbele ya watu mia mbili. Wale wenye simu za kitochi watumiwe ujumbe wa kawaida siku hiyohiyo, ili wasiwe raia wa daraja la pili.

Likizo

Mwanafunzi wa bweni akirudi nyumbani hupokelewa kama mgeni wa heshima. Anachinjiwa kuku, analala hadi saa nne, anashika simu mpaka usiku wa manane. Wiki mbili baadaye mama amechoka naye na hajui aanzie wapi. Shule inampa mtoto mazoezi ya hisabati ya kwenda nayo nyumbani. Impe pia kazi moja ya nyumbani yenyewe. Apike chakula cha familia siku moja kwa fedha aliyopewa na aandike alivyoitumia. Aende siku nzima kazini na baba au mama, awe dukani, shambani, gereji au sokoni. Akae na babu au bibi aandike majina ya ukoo vizazi vinne. Mzazi aandike mistari mitatu nyuma ya karatasi, na karatasi irudi siku ya kufungua shule. Mlezi wa bweni aisome pamoja na mtoto.

Ripoti ya muhula nayo itazamwe upya. Kwenye ile sehemu ya mwenendo, heshima, usafi, uaminifu na utunzaji wa mali, watoto wote wana B. Mwalimu amejaza darasa zima akisubiri chai. Chini yake pameandikwa "Aongeze bidii." Mzazi afanye nini na habari hiyo? Futa safu zote za herufi kama una mamlaka hayo. Kama huna, ongeza sentensi mbili za mlezi wa bweni, moja ya alilofanya mtoto na moja ya kumwomba mzazi. "Mara mbili amekiri kosa kabla ya kuulizwa. Tunaomba likizo hii mumwachie atunze fedha zake mwenyewe, maana huku hazidumu siku tatu." Mzazi ataisoma mara kadhaa, na huenda akapiga simu.

Habari ikitoka nyumbani

Utajua kazi imeshika siku wazazi watakapoanza kukupigia wao kwanza: tumehama nyumba, baba yake amepoteza kazi, mdogo wake amelazwa. Pokea, andika, mwambie mlezi wa bweni siku hiyohiyo, na usimwambie mwalimu asiyehusika.

Na siku nyingine simu itakuwa ya msiba. Jipange kabla haijapigwa. Muulize aliyepiga familia inataka mtoto aambiwe nini na nani. Ikiwezekana, ndugu wa damu ndiye aseme, hata kama ni kwa simu, matroni akiwa amekaa kando ya mtoto. Asiambiwe bwaloni wala asiitwe kwa kipaza sauti. Asidanganywe kwamba bibi anaumwa tu wakati bibi ameshazikwa. Akifika nyumbani akakuta kaburi, hatakuamini tena, wala hatawaamini waliokutuma. Kama ni kipindi cha mitihani, familia na shule waamue pamoja, lakini kuficha kusizidi siku mtihani unapokwisha. Apewe mtu mzima wa kusafiri naye, na rafiki wa kumfungia mizigo. Nauli ya dharura ya watu wawili hadi mkoa wa mbali kuliko yote mnaouhudumia ikae kwa matroni, kwenye bahasha iliyosainiwa, kwa sababu ofisi ya mhasibu hufungwa saa tisa na nusu na basi la usiku huondoka saa mbili. Akirudi baada ya wiki mbili, mlezi ampokee getini, amwonyeshe daftari ambazo kaka au dada wa kidato cha tatu amemnakilia, na kila jioni ya mwezi ule apite kitandani kwake mwisho, ili akae naye kidogo zaidi ya wengine.